Kapu Nililoliweka Mbele ya Jukwaa

Simulizi ya mjane wa Uyole, sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliishia kwenye mlango wa stoo ya ukumbi wangu, rozari mkononi, natoka misa ya kwanza ya Jumapili, na ndani ya stoo kuna mtu anapigwa.

Leo naingia ndani.

Kwa yule aliyeliokota gazeti hili kwa mara ya kwanza: naitwa Faustina, wengi wananiita Mama Lusekelo. Nilizaliwa jirani na misheni ya Tosamaganga, nikasoma hadi darasa la saba, nikaolewa na Mnyakyusa aitwaye Isakwisa, akanileta hapa Uyole. Alipofariki aliniachia ukumbi wa viti mia sita na bati linalovuja juu yake.

Ukumbi wa viti mia sita ni mzigo wa ajabu. Kwa harusi ni mkubwa mno, kwa msanii mwenye jina ni mdogo mno. Mwenye jina anataka milioni kumi na mbili kabla hajapanda gari. Mimi nikijaza watu mpaka madirishani, kwa tiketi ya elfu kumi, napata milioni sita. Nikimleta huyo, nitauza mpaka milango.

Kwa hiyo naishi kwa chipukizi. Chipukizi unampa laki mbili, nauli na sahani ya wali. Anakuja na mtaa wake, shangazi zake na wale aliosoma nao. Wa kwanza anakutia hasara. Wa pili anakutia hasara. Unamwomba Mungu wa kumi awe ndiye.

Wa kumi wangu alikuwa Dastan Kalinga, kijana wa Nyololo. Anapiga gitaa mwenyewe, anaimba mwenyewe. Hana bendi. Nauli ya mtu mmoja, sahani moja, kitanda kimoja. Kwa ukumbi kama wangu, mtu wa hivyo unamfungulia mlango kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza alipoimba kwangu, kina mama wawili walipanda jukwaani kumtuza, ndiyo ile ya kumbandika msanii noti kwenye paji la uso. Mmoja hakuishia kwenye paji la uso. Noti aliisukumia kiunoni, ndani ya mkanda wa suruali.

Nikasema hapana. Katika ukumbi wa marehemu mume wangu, hapana. Nilikwenda nyumbani nikachukua kapu la jumuiya, lile tunalokusanyia sadaka, nikaliweka mbele ya jukwaa. Nikashika kipaza sauti: "Anayetaka kumtuza kijana atuze humu. Kwa mstari."

Nilidhani nimewaharibia raha. Kumbe watu wetu wengi wanaona haya kupanda jukwaani mbele za watu. Lakini kupanga mstari na kutoa, hilo wanalijua tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao. Benchi la kwanza likasimama, la pili likafuata, wanacheza mabega tu, kama wanapeleka mahindi altareni.

Jumamosi ninayoisimulia, mlangoni tulipata milioni moja na laki mbili. Kapu lilipata milioni moja, laki nane na sabini elfu.

Kapu lilishinda mlango. Shetani akapitia hapo.

Promota wangu anaitwa Sosthenes. Spika ni zake, mabango ni yake, redio analipa yeye. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja: asilimia sitini yake, arobaini yangu, ya fedha zote zitakazokusanywa ukumbini. Niliusoma mwenyewe na kuandika jina langu kwa mwandiko mzuri. Wakati ule kapu halikuwepo.

Jumamosi jioni, watu walipotoka, Dastan alinifuata. "Mama, naomba changu." Sosthenes alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Nikamnong'oneza kijana: "Kesho baada ya misa ya kwanza njoo hapa ukumbini, nikupe chote mkononi mwako." Nikamwapia, rozari nikiwa nimeishika.

Hilo nililiandika wiki iliyopita kama busara. Leo nalisema lilivyo. Nililificha kapu kwenye gunia la mkaa, jiko la ukumbini, na usiku kitandani nikawa nahesabu mabati mapya ya paa. Sikuwa na nia ya kuiba. Nilijiambia tu kwamba fungu la kumi la kile kilichomo kwenye kapu ni haki ya mwenye kapu.

Sasa nikasukuma mlango wa stoo kwa bega.

Sosthenes alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, amekunja nne, shati jeupe la Jumapili. Mbele yake Dastan amepigishwa magoti, uso umevimba hata jicho moja halionekani. Mkono wake wa kushoto umelazwa juu ya spika. Aliyeushika ni Ambokile, baunsa, mtoto wa kaka yake marehemu mume wangu. Mtoto huyo nimemwogesha kwa mikono hii.

Kidole kidogo cha Dastan kilikuwa kimeelekea kusikoelekea kidole.

"Shikamoo mama," akasema Sosthenes.

"Marahaba."

Niliitikia, ndugu zangu. Mdomo una mazoea yake.

"Misa imekwendaje?"

"Sosthenes, mwachie huyo mtoto."

"Nimwachie vipi na hajajibu swali? Swali lenyewe ni moja, tena dogo. Dogo, kapu liko wapi?"

Dastan akatema damu. "Sijui. Na hata ningejua. Tuzo ni ya msanii. Tangu lini promota akatuzwa? Umeimba nini wewe?"

Ambokile akacheka kwa puani. Sosthenes akamtazama, Ambokile akaacha kucheka.

"Ingebaki kwenye paji lako la uso ingekuwa yako," Sosthenes akasema taratibu, kama anafundisha. "Nisingeigusa. Lakini imekaa kwenye kapu. Kapu la nani? La ukumbi. Imekusanywa wapi? Ukumbini. Mama, si ndivyo tulivyoandikiana?"

Nikakitazama kidole cha Dastan.

"Mama, wewe unaona bati lako tu. Mimi kabla ya huyu nimelisha tisa. Tisa! Mmoja alikimbia na maiki yangu. Mmoja aliingiza watu kumi na wanne, na sita kati yao ni ukoo wake, wameingia bure. Jenereta inakunywa dizeli, redio hainitangazii kwa undugu. Huyu ndiye wa kuwalipia wenzake. Akiondoka na kapu, mimi naondoka na nini? Na makofi?"

"Hao tisa sikuwazaa mimi," akasema Dastan.

Sosthenes alinyanyuka, akampiga teke la mbavu, akarudi kuketi. Akajifuta kiatu.

"Ambokile. Cha pili."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hiki ndicho kilichonifanya nianze kuandika simulizi hii.

Nilijua kapu liko wapi. Lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ningesema neno moja tu, jikoni, na mkono ungeachiwa.

Sikulisema.

Padri nimemwambia kwamba niliogopa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nayaona mabati. Nilimwona Sosthenes akibeba milioni na laki zaidi, na kafungu kangu kakiondoka humo humo. Nikajiambia wanamtisha tu. Nikajiambia Ambokile ana moyo, nimemwogesha mimi.

Ambokile alikamata kidole cha pete, akakikunja kwa nyuma. Kilisikika kama kijiti cha kuwashia moto.

Dastan hakulia kwa sauti ya mtu. Alilia kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

"Cha tatu," akasema Sosthenes.

"Ninalo mimi!" nikapiga kelele. "Kapu ninalo mimi! Mwachieni!"

Dastan akainua lile jicho lake moja.

"Ulikuwa unajua," akasema. "Mama, muda wote umesimama hapo unajua."

Nikageukia mlango.

"Mnaona sasa?" akasema Sosthenes, ananyoosha shati. "Watu wazima tunaelewana. Twende jikoni."

Walimburuta Dastan nyuma yetu kwa kola. Gunia la mkaa lilikuwa pale pale, pembeni ya jiko. Nikapiga magoti nikapenyeza mikono, nikalishika kapu kwa masikio yake.

Nilipolishika tu nikajua. Kapu lenye kitu lina uzito wake.

Nikalitoa. Hamna noti. Hamna hata kile kitambaa cheupe nilichokifunikia. Vumbi la mkaa tu.

Sosthenes alilitazama kapu, akanitazama mimi. Kisha akanipiga ngumi ya mdomo.

Nilianguka juu ya masufuria. Jino likalegea, nikalisikia linatembea ulimini. Akaniinamia anipige tena, na mkono wangu ukakuta mwiko, ule mkubwa wa ugali wa shughuli. Nikampiga nao juu ya jicho kwa nguvu zote za mwanamke aliyesonga ugali wa watu mia sita. Nyusi ikafunguka. Shati jeupe likaacha kuwa jeupe.

"Mshike huyu bibi!" akapiga kelele. "Mshike kabla sijamuua!"

"Bosi, huyu ni mama yangu mkubwa."

"Ndiyo maana nimesema umshike wewe!"

Ambokile akanikumbatia kwa nyuma, mikono imebanwa. Akaninong'oneza sikioni: "Mama mkubwa, tulia. Nakuomba. Usinifanye nikuumize."

"Umeshaniumiza, Ambokile."

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa simu ya Dastan, iko mfukoni mwa Sosthenes. Akaitazama, damu inamdondokea kwenye kioo. Akatabasamu. Akaweka sauti ya nje na kumsogezea Dastan mdomoni.

"Dasi!" Ilikuwa sauti ya Verediana, dada yake, ambaye Jumamosi alikuja kumsindikiza mdogo wake na kushinda jikoni kwangu akikaanga chipsi. "Dasi, uko wapi? Mimi nimeshapita Igawa. Niliondoka na basi la alfajiri. Zile hela ninazo, zote, nimezifunga kwenye kile kitambaa. Usiende kwa yule mama! Nilimwona jana kwa macho yangu analichimbia kapu kwenye mkaa. Ni mwizi, mdogo wangu, pamoja na marozari yake. Njoo Nyololo, mimi nakusubiri kijiweni kwangu."

"Dada, usikae hapo, kim—"

Sosthenes alimpiga na simu yenyewe, meno yakagonga kioo. Ikakatika.

Wiki iliyopita niliandika kwamba hakuna mwizi aliyekuja kwangu. Ni kweli hakuja. Dada mtu alichukua mali ya ndugu yake mikononi mwa mtu aliyemdhania mwizi. Na mimi ningemjibu nini, na mabati yale kichwani mwangu?

"Nyololo," akasema Sosthenes. "Wote kwenye gari. Mama, beba kapu lako. Litarudi limejaa."

Wakatuingiza kwenye Noah yake, Dastan na mimi kiti cha nyuma, Ambokile usukani, Sosthenes mbele pembeni yake. Watu wa Uyole walikuwa wanatoka kanisani na nguo zao nzuri. Mmoja alinipungia mkono. Sosthenes aligeuka, kisu kidogo cha kukatia nyaya kiko kwenye goti lake, akasema: "Mpungie." Nikampungia.

Tulipovuka Chimala nilichana upindo wa kitenge changu. Chini ya kiti niliokota vijiti viwili vya mishikaki. Nikauchukua mkono wa Dastan.

"Usiniguse."

"Vitaungana vibaya, mwanangu."

"Mimi si mwanao." Lakini mkono hakuutoa. Nilimfunga, kidole kwa kidole, na kila nilipokaza alikuwa anauma kola ya shati lake.

"Wakati wanakivunja cha pili," akasema, "ulikuwa unasali?"

Ningemdanganya, angenisamehe kidogo.

"Sikuwa nasali."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahesabu bati."

Akageukia dirishani. Hakusema tena nami mpaka mwisho wa safari, na hata huko, mtaona wenyewe alivyosema.

Tulikuwa tumekaribia Makambako simu ya Sosthenes ilipolia. Akaiweka kwenye kibanio mbele ya usukani, sauti ya nje, kwa maana mkono mmoja ulikuwa umeshika kitambaa kwenye nyusi.

"Sosthenes, hujambo? Naima hapa, Iringa."

Sosthenes akakaa wima. Bi Naima ana kumbi mbili Iringa mjini na hapigi simu kwa mapromota wa ngazi yake.

"Sijambo dada, shikamoo, za Jumapili?"

"Njema. Sikiliza, yule kijana wako wa gitaa. Wamenirushia video ya jana, ile watu wanapanga mstari kumtuza. Nimeiangalia mara tatu. Namtaka Jumamosi hii. Nina milioni nne, hiyo ya kuanzia tu."

Sosthenes akaisogelea simu.

"Milioni... nne, dada?"

"Nne. Mbili nakutumia leo. Ila sharti moja. Aje peke yake na gitaa lake, vile vile. Sitaki aimbie juu ya CD, sitaki bendi. Bendi inanila, na waimbaji wa CD ninao mtaa mzima. Mimi nalipia ule mkono wake. Yuko vizuri lakini?"

Sosthenes akageuka kutazama nyuma. Akautazama mkono wa Dastan, na vijiti vyangu vya mishikaki, na kitenge kilicholowa.

"Yuko vizuri, dada. Amepumzika."

"Haya. Saa kumi nakupigia."

Simu ikazima.

"Bosi," akasema Ambokile, polepole, kama mtu anayefanya hesabu ubaoni. "Tumevunja milioni nne tukitafuta moja."

Pembeni yangu kukatoka kicheko. Ni Dastan, mdomo umepasuka, anacheka mpaka machozi yanatoka kwenye lile jicho lililofumba. "Na nne ni ya kuanzia tu!" akasema. "Bosi, ni ya kuanzia tu!"

Sosthenes hakumpiga Dastan. Alimpiga Ambokile, kiwiko cha pua, gari likiwa kasi mia na ishirini.

Tulihama njia. Lori la mbao lilikuwa linakuja mbele yetu, nikaiona mpaka picha ya Bikira Maria kwenye kioo cha dereva wake. Nikaita jina la Isakwisa badala ya jina la Mungu. Honi ikatupasua masikio, kioo chetu cha pembeni kikaruka, Ambokile akavuta usukani na tukarudi upande wetu tukiwa tumeinama.

Aliendelea kuendesha, damu inamwingia mdomoni.

"Ukinipiga tena," akamwambia bosi wake, "naachia usukani. Tufe wote, wewe na mkataba wako."

"Wewe ndiye uliyevunja!"

"Wewe ndiye uliyehesabu. Cha pili, cha tatu. Mimi nilikuwa mkono tu."

"Utalipa wewe!"

"Kwa mshahara gani? Hujanilipa tangu Kwaresima."

Wakaendelea hivyo mpaka Nyololo, watu wawili wanatafuta nani amebeba dhambi, na aliyekaa kimya tangu mwanzo amekaa nyuma yao na kapu mapajani.

Tulifika saa saba mchana. Kijiwe cha Verediana kiko kando ya barabara kuu, pale mabasi yanaposimama na bodaboda wanapopanga pikipiki zao. Nilidhani tutamkuta amekimbia. Hakukimbia. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko la mkaa, kikaango kimejaa mafuta, na hakukuwa na kiazi hata kimoja ndani yake. Kile kitambaa cheupe alikuwa amejifunga kiunoni, kimetuna.

Sosthenes akashuka wa kwanza. "Dada Vere," akasema, anapanua mikono. "Tuongee kama ndugu. Mambo yamebadilika, kuna hela kubwa kuliko—"

"Dasi wangu yuko wapi?"

"Yumo garini, mzima kabisa."

"Nilisikia ukimpiga. Kwenye simu nilisikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikajiuliza nikimbilie wapi, na wewe unaye. Basi nikawasha jiko."

Akanyanyua kikaango kwa mikono miwili na kummwagia.

Yalimpata shavuni, sikioni, begani. Sijawahi kusikia mlio ule na sitaki kuusikia tena. Shati likashikana na ngozi. Sosthenes alizunguka mara mbili kama kuku aliyechinjwa, akaanguka kwenye mchanga, na kutoka chini pale, kwa pumzi yake ya mwisho ya akili, akapiga kelele ya neno moja.

"Mwizi! Mwizi! Ameniibia!"

Mnalijua neno hilo linavyofanya kazi stendi. Bodaboda waliruka kutoka kwenye pikipiki zao. Wanaume wakatoka kilabuni na vikombe mkononi. Mmoja alishika rungu, mmoja jiwe, na mwingine, Mungu amsamehe, alikuwa tayari anaulizia tairi.

"Mwizi yuko wapi? Nani mwizi?"

Wakamzunguka Verediana. Kitambaa kiunoni kimetuna. Kijana mmoja akakivuta, noti zikaonekana, umati ukaguna kwa pamoja.

"Si mimi!" Verediana akarudi nyuma, mgongo umegusa jiko. "Ninyi mnanijua! Hizi ni hela za Dasi, mdogo wangu, alituzwa Uyole! Mwizi ni yule!"

Akanyoosha mkono. Kwangu.

Nilikuwa nimeshuka garini wakati huo, mdomo umevimba, kitenge kimechanika, nimelishika kapu tupu. Jionyesheni ninyi wenyewe picha hiyo.

"Yule mama! Alilificha kapu la mdogo wangu kwenye mkaa, nimemwona kwa macho yangu! Aapie Mungu wake kama nasema uongo!"

Sikuweza kuapa. Hakusema uongo.

Wakaja kwangu. Mimi ni Mhehe, hawa ni watu wangu, nikafanya kitu pekee nilichokikumbuka. Nikawaamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene," nikasema.

Hakuna aliyeitikia.

"Huyu kijana mwenye pua ya damu ni nani?" mzee mmoja akauliza. "Wewe dereva! Umekuja na huyu mama. Sema, ni mwizi?"

Ambokile aliutazama umati. Akatazama Sosthenes anayegaragara. Akatazama gari, ambako Dastan alikuwa anajivuta kushuka na mkono wake uliofungwa vijiti, akajua swali gani litafuata baada ya hili.

"Ni yeye," akasema mtoto niliyemwogesha. "Kapu alilificha yeye."

Jiwe halikuja bado. Maana Dastan alikuwa ameshuka, na mtu mmoja akamtambua.

"Aa, huyu si Dastan wetu? Dastan wa gitaa! Jamani, tazameni mkono! Nani kamvunja?"

Umati ukagawanyika akapita katikati, anayumba. Mzee akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Mwanetu, hela ni zako, mkono ni wako. Tunakuuliza wewe peke yako. Huyu mama ana kosa au hana? Neno moja tu."

Neno moja tu. Lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ndani ya mdomo wake uliopasuka. Angesema hana, ningepanda basi la jioni kurudi Uyole. Angesema alinifunga vidole njiani, ingetosha.

Dastan alinitazama kwa jicho lake moja. Akautazama mkono wake. Niliona midomo yake ikifunguka kidogo, nikaona anafikiri, na nikaijua sura ile, maana niliivaa mimi asubuhi kwenye stoo.

Akafunga mdomo.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisimama pale anajua, akanyamaza.

Niliinua kapu mbele ya uso wangu, na jiwe la kwanza likatua ndani yake.